Kisiwa Katikati ya Bakuli

Mwanamke akijifungua hapa kwetu, anayempikia supu ya mwani ni mama yake. Mama mkwe hupika pia, na majirani huleta, na siku hizi wapo hata wa kulipwa, lakini bakuli linalosubiriwa ni la mama. Sisi wa Guryongpo, bandari ya pwani ya Korea, hatutii nyama ya ng'ombe kama watu wa bara. Tunatia gayogayo, yule samaki bapa, mzima na ngozi yake, tunamchemsha na mwani uliokaangwa kidogo kwa mafuta ya ufuta, mpaka mchuzi uwe mweupe kama maziwa. Kwa hiyo nilijua tangu zamani kwamba siku moja binti yangu ataitafuta supu hiyo. Nilijua pia kwamba hatanitafuta mimi, kwa sababu aliambiwa nimekufa. Ataitafuta kwenye simu, kama kila mtu. Mengine yote maishani yalikwishanipita. Lililobaki ni kwamba siku hiyo akutane na maneno yangu kwanza.

Baba yake, Do Sang-cheol, alinioa kwa sherehe. Watu walikula na kulewa, mama yangu alilia, tukapigwa picha. Lakini ndoa ya sherehe na ndoa ya ofisini ni vitu viwili, na mwanamke anayejua kusoma huenda kuhakikisha jina lake limeandikwa wapi. Mimi nilitolewa shule mapema nikakae na watoto wa kaka yangu, hata herufi sikuzimaliza. Sang-cheol akasema karatasi ameshapeleka, nami nikaendelea kupika. Alikuwa dereva wa lori la samaki, leo yuko hapa, kesho mjini Daegu. Nilimzaa Sol, nikamlea kwenye chumba kilicho juu ya kiwanda cha barafu, ambako sakafu ilitetemeka mashine zikiwashwa na mtoto akazoea kulala hivyo.

Wenzake walipoitwa kuanza shule, yeye hakuitwa. Nikaenda kuuliza. Karani akaniambia mtoto huyo ni wa Do Sang-cheol na mkewe wa Daegu, na shule ameandikishwa hukohuko Daegu. Kisha akaniuliza mimi ni nani wake. Sikuwa na jibu la kuandikika.

Mke wa Daegu alikuwa hazai. Walikuja kumchukua kwa gari, mama yake Sang-cheol akiwa na koti jipya la mtoto mkononi, jekundu, lenye manyoya shingoni. Sol alilipenda lile koti. Aliingia garini akiwa analichezea manyoya. Nilikwenda Daegu mara nyingi, na mlango haukufunguliwa. Mara ya mwisho waliita polisi, na polisi wakauliza swali lilelile la karani. Baadaye wakahama. Dereva mmoja aliyewahi kuendesha na Sang-cheol ndiye aliyeniambia kwamba mtoto ameelezwa kuwa mama wa kule baharini amekufa kwa ugonjwa, na kwamba alilia kisha akanyamaza, watoto ndivyo walivyo. Alidhani ananifariji.

Nikabaki sokoni nakwangua magamba. Watu waliendelea kuniita Mama Sol, maana kwetu mwanamke akishaitwa kwa mwanawe haitwi tena vingine, hata kama mwana hayupo.

Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la wanawake la ukumbi wa mtaa, nimekaa katikati ya vikongwe waliotaka kusoma mabango ya basi. Na habari ya blogu aliileta Chun-ok, anayeuza ngisi wakavu meza ya pili kutoka yangu. Ana mdomo Chun-ok, lakini ni mdomo uliokaa na mimi miaka yote.

“Watoto wa siku hizi hawamuulizi mtu kitu,” aliniambia. “Hata choo kiko wapi wanauliza simu. Andika supu yako humo.”

Nikamwambia Sol alikuwa na miaka saba, atakumbuka nini.

“Akishika mimba atakumbuka alichokula. Mimi nilipokuwa na mimba ya kwanza nilikumbuka hadi udongo niliokuwa nalamba ukutani kwa bibi.”

Basi nikaandika. Nilifungua blogu, nikaiita Mama Sol. Posti ya kwanza ilikuwa supu ya gayogayo. Niliandika kama ninavyosema: samaki achaguliwe wa tumbo nene, asikatwe, mwani usilowekwe sana ukawa uji. Picha ilikuwa moja, imejaa mvuke. Mwishoni nikaandika jambo letu sisi wawili. Sol alipokuwa mdogo nilimwekea wali mdogo katikati ya bakuli, tukauita kisiwa. Hakukigusa. Alikula mwani kwa pembeni, akizunguka na kijiko kama mashua, mpaka kisiwa kizame chenyewe, ndipo anainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa bahari yote.

Posti ile ilikaa ya kwanza kwa miaka. Si kwa uhodari. Ni kwamba hakuna mwingine aliyekuwa ameandika supu ya gayogayo. Ukiandika maneno hayo kwenye simu, Mama Sol anatokea juu kabisa. Nilikuwa nikimaliza kuosha ubao wangu mchana, naangalia, naona nipo, narudisha simu mfukoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu. Nikapata na majirani, ndivyo wanavyoitwa wasomaji wa kudumu kwenye blogu. Mmoja alikuwa mpishi mstaafu wa meli, mwingine mama wa kisiwa cha Ulleung ambaye kila siku aliandika tu kwamba amepita kusalimia.

Kisha ikajengwa barabara mpya, watalii wakaja kula kaa, na mikahawa ikagundua watu wa blogu. Hao wanakula bure, wanapiga picha bakuli kutoka juu, kutoka ubavuni, kijiko kikiwa hewani, halafu wanaandika kwamba wamelia kwa utamu. Ghafla kila mtu anaijua supu ya gayogayo. Nikashuka ukurasa wa pili, nikashuka wa tatu. Nani anafika ukurasa wa tatu? Hata mimi nikitafuta dawa ya goti sifiki huko.

Nilihesabu umri wa Sol. Alikuwa ameingia katika umri wa kuzaa, na mimi nazama.

Maktaba ya mtaa ikabandika tangazo la mafunzo ya bure ya kuongeza ubora wa posti za blogu. Tulikuwa wanawake watupu: mwenye saluni, wawili wa vyumba vya wageni, mwenye duka la tambi, na mimi. Mwalimu aliitwa Ma Jae-hyeok, mtu wa makamo kutoka mjini Pohang, mwenye sauti laini. Siku ya kwanza alituinamia mpaka paji la uso likakaribia meza, sisi tunaonuka samaki. Alituambia kwa utani kwamba yeye amekulia bara kwenye mashamba ya matofaa na harufu ya samaki humpa kichefuchefu, tumsamehe. Tulicheka. Hakuwa mtu wa dharau, na hilo ndilo lililoniponza. Mtu wa dharau ningemjua.

Alifundisha vizuri, sitamnyima hilo. Maneno ambayo mtu atayaandika akitafuta yawe mwanzo wa kichwa cha habari. Yarudiwe ndani, lakini yasijazane mpaka mashine, ile inayopanga nani atokee juu, ikachukia. Picha ziwe nyingi, zako mwenyewe, zisiwe na ukungu. Aya fupi, vichwa vidogo, ramani mwishoni. Posti kila siku. Tembelea blogu za wenzako, bonyeza moyo, nao watakuja. Niliyaandika yote. Na kila kipindi nilimpelekea gayogayo walioanikwa nusu, nimewafunga kwa kamba ya buluu ninayofungia samaki wa wateja, maana kwa mwalimu huendi mikono mitupu. Kichefuchefu hakikumzuia kuwapokea.

Siku moja akaimulika posti yangu ukutani, kubwa, wote waione, akaisoma mpaka mwisho.

“Mama, hii inagusa,” akasema. “Lakini mashine haiguswi. Kwanza jina. Mama Sol ni nani? Nani anakaa akatafuta Mama Sol?”

Mwenye saluni akacheka, si kwa ubaya. Sikusema kwamba yupo mmoja. Ningeanzia wapi, mbele ya watu wanaojadili mapazia ya vyumba vya wageni?

“Halafu hiki kisiwa kitoe,” akaendelea. “Mtu ana mzazi aliyetoka kujifungua kitandani, ana njaa, anataka kujua maji kiasi gani. Wewe unamweleza habari za kisiwa.”

Nikamuuliza nibadilishe sehemu hizo tu au vipi. Akasema nisiitie viraka, niifute nzima niandike mpya, nyumba kuukuu haikarabatiwi kwa kupaka rangi dirisha. Akaniomba nimtumie ile ya zamani kwanza, aipitie nyumbani kwake, anionyeshe makosa yangu vizuri. Niliona ni heshima. Nikamtumia, kisha nikaifuta.

Wewe unayesoma labda ungeuliza mara mbili. Hapa kwetu mtu akishaitwa mwalimu humuulizi mara mbili. Sang-cheol alisema ameshapeleka karatasi, na huyu naye akasema futa.

Nikafuta na komenti za mpishi wa meli, na za mama wa Ulleung, na ile miaka yote. Nikabadilisha jina la blogu ikawa Mapishi ya Pwani ya Guryongpo. Nikaandika upya kwa vichwa vidogo, na picha nilizopiga juani nikiwa nimepanda kreti, na ramani ya soko. Chun-ok aliisoma akiwa anageuza ngisi.

“Mama Sol, hii ni supu au tangazo la kupangisha nyumba?”

Nikamwambia huo ndio ubora.

“Neno gayogayo limetajwa humu kuliko gayogayo waliobaki baharini. Na mtoto yuko wapi? Mbona mtoto hayumo?”

“Mtoto mashine haimtaki.”

“Kwani unamtafuta mashine wewe?”

Nilikasirika naye siku nzima, kwa kuwa alisema niliyokuwa nimeyafunika.

Posti mpya ilipanda kidogo, nikaiona ukurasa wa pili, nikampelekea mwalimu gayogayo wawili zaidi. Kisha ikatoweka. Haikushuka, ilitoweka, unatafuta kwa maneno yake yenyewe na haipo. Mwalimu akasema nivumilie, niandike kila siku. Nikaandika kila siku, vitu nisivyoviamini: glavu bora za mpira, tambi za mtaani, namna ya kuondoa harufu mikononi. Mpishi wa meli alikuja mara moja akaandika, “Mama Sol amehama? Hapa naona duka.” Hakurudi tena. Mama wa Ulleung hakuaga hata kuaga.

Mafunzo yalikuwa yanaelekea mwisho nilipotafuta supu ya gayogayo, kama kawaida, na juu kabisa nikakuta posti inayoitwa Supu ya Gayogayo ya Bibi Yangu. Mwandishi ni Mwalimu Ma. Nilianza kusoma nikifurahi kwamba mwalimu wetu kaandika supu yetu. Samaki achaguliwe wa tumbo nene, asikatwe. Mwani usilowekwe sana ukawa uji. Na mwishoni, bibi yake alimwekea wali katikati ya bakuli, wakauita kisiwa, naye alizunguka na kijiko kama mashua mpaka kizame, akanywa bahari yote. Sol alikuwa amekuwa yeye, na mimi nimekuwa bibi yake wa mashamba ya matofaa. Hata samaki wa kwenye picha niliwajua. Kwenye picha moja, pembeni ya sahani, ilionekana kamba ya buluu.

Mwenye duka la tambi ndiye aliyenifafanulia, yeye alielewa masomo kuliko sisi. Kwa kuwa ya zamani niliifuta, mashine haiijui tena. Inachojua ni kwamba mwalimu aliandika maneno hayo, na kwamba mimi baada yake nimeandika yanayofanana. Kwa hiyo mwizi ni mimi, na blogu ya mwizi hufichwa yote.

Kipindi cha mwisho nilikwenda mikono mitupu. Nilisubiri amalize, nikasimama.

“Mwalimu, bibi yako alikuwa mtu wa wapi?”

Alielewa mara moja. Hakugeuka rangi. “Mama, tukae tuongee taratibu. Ule ulikuwa mfano. Mfano hutengenezwa.”

“Kisiwa uliniambia nikitoe.”

“Ndiyo, nilikuambia.”

“Mbona umekibeba?”

“Kwako kilikuwa mzigo, mama. Kwenye blogu isiyosomwa, hadithi ni mzigo. Kwenye blogu inayosomwa, hadithi hiyohiyo ndiyo ubora wenyewe. Nimeifundisha wiki zote hizi.” Alisema kwa upole, kama anayerudia somo kwa mwanafunzi mzito. “Na wewe mwenyewe ulishaitupa. Kitu umekitupa, mtu akaokota akakisafisha, amekuibia nini?”

Nilimwambia airudishe. Akasema ikitolewa haitarudi kwangu, itapotea tu, mashine haina kurudisha, na isitoshe imeleta watu wengi Guryongpo, soko letu linafaidika. Akajitolea kuongeza mstari wa shukrani kwa mwanafunzi mmoja wa pwani. Bila jina. Mwenye saluni akanishika mkono akaniambia dada, basi, ni supu tu, mwalimu ametusaidia wote. Wengine walikuwa wanakusanya vikombe. Nilitoka. Sikuwaambia habari ya Sol hata hapo, na sasa najiuliza ningewaambia ingekuwaje, na jibu ninalopata ni kwamba isingekuwa chochote.

Nyumbani nikaandika kwenye blogu yangu kwamba Ma Jae-hyeok ni mwizi. Kwetu mtu akilalamika kwamba umemchafulia jina kwenye blogu, jukwaa huliondoa andiko lako kwanza, kweli na uongo hutazamwa baadaye, na baadaye yenyewe haiji. Yeye alilalamika. Andiko likaondolewa, mimi nikafungiwa kuandika kwa muda, na chini ya posti yake akawaonya wasomaji kwa huzuni kwamba yupo mama mmoja anayenakili kazi za watu na kusumbua, wasimjibu.

Majira ya baridi yakaja, gayogayo wakanenepa. Kila mchana niliendelea kutafuta supu, sasa ili kusoma tu watu wanamwambia nini bibi wa uongo. Ndipo nikakuta komenti ya mtu aliyejiita Theluji ya Asubuhi. Naikumbuka yote.

“Nimejifungua mwezi uliopita na sina mama wa kunipikia, alifariki nikiwa na miaka saba. Tuliishi juu ya kiwanda cha barafu, huko baharini, mji sikumbuki vizuri. Aliniwekea wali hivihivi katikati, tukauita kisiwa. Maisha yangu yote nilidhani ni kitu chetu sisi wawili tu, hata nilifikiri labda nilikiota. Nimesoma hapa nikalia. Kumbe ni desturi ya watu wa pwani. Asante mwalimu, nimejipikia mwenyewe.”

Na mwalimu akamjibu: “Ndiyo, ni desturi yetu ya pwani. Pole kwa msiba. Kunywa bahari yote.”

Nilikuwa nimesimama na glavu moja mkononi. Chun-ok anasema niliita jina la Sol, mimi sikumbuki. Alinikalisha kwenye ndoo akaichukua simu akasoma. Mjukuu amezaliwa, na supu Sol amejipikia mwenyewe.

“Muandikie,” akaniambia baadaye. “Muandikie sasa hivi, kabla hajafunga simu.”

Chini ya komenti yake sikuweza, mwalimu alikwishanifungia. Lakini ukibonyeza jina la mtu unafika kwenye blogu yake. Yake ilikuwa tupu, kama ya wengi wanaosoma tu, ila kuna mahali pa kuacha salamu. Muda wangu wa kufungiwa kuandika ulikuwa umekwisha. Vidole vilikuwa na magamba, simu haivisikii. Nikaandika yaliyonijia: Sol, mimi ni mama yako, sikufa, walikuchukua, tulikaa juu ya kiwanda cha barafu, kisiwa ni chetu, si desturi ya mtu yeyote. Nikatuma bila kurudia kusoma.

Jibu lilikuja tukiwa tumekaa palepale. Nilifikiri litakuwa refu.

“Wewe ndiye yule mama anayenakili. Mwalimu ametutahadharisha. Kiwanda cha barafu na kisiwa nimeviandika mwenyewe pale kwa mwalimu, umesoma ukanirudishia. Sijui unatafuta nini kwa mtu aliyetoka kujifungua. Mwache mama yangu apumzike.”

Hapo ndipo nilipokumbuka kisigino. Alipokuwa na miaka minne alikanyaga jiko la makaa, akabaki na kovu kwenye kisigino cha kushoto, lenye umbo la punje ya mchele. Hilo hajaliandika popote. Nikaanza kuandika kisigino, na simu ikaniambia huwezi kumtumia mtu huyu ujumbe. Chun-ok akanipokonya, akatoa yake, akaandika kwa jina lake mwenyewe: kitazame kisigino chako cha kushoto, mwanangu. Tukangoja. Ulisomwa au haukusomwa hatujui. Tulipofungua tena tukakuta mtumiaji huyo hayupo. Alikuwa ameifuta blogu yake nzima. Jina jingine la kumtafutia sina. Lile nililompa walilibadilisha zamani, labda hata yeye amelisahau, na la sasa silijui.

Nilimfuata mwalimu mjini Pohang, nikakuta anafundisha wengine. Nilichukua gayogayo, ndiyo, niliwachukua, nikawafunga vizuri. Nilimweleza yote kwenye ngazi. Alisikiliza. Nadhani aliniamini, maana alikwepa kunitazama. Akasema ile komenti ameiondoa tangu siku ile, kwa ajili ya amani, hakutaka mama aliyetoka kujifungua asumbuliwe, na namna ya kumpata yule mtu hana. Nikamwomba basi aandike tu pale juu kwamba hakuna desturi kama hiyo, kwamba kisiwa ni cha mtu mmoja na mwanawe. Kama atarudi kusoma, aone.

“Mama,” akasema, “posti ikiguswa inashuka. Ikishuka hataiona hata hiyo.”

Na huenda ni kweli. Gayogayo nilimwachia kwenye ngazi.

Nimerudisha jina la Mama Sol kwenye blogu. Supu nimeiandika tena kama ilivyokuwa, kwa maneno yangu, na kisiwa chake, na kisigino nimekiongeza. Mashine inasema inafanana na ya Mwalimu Ma. Nimefungua kurasa mpaka kidole kimechoka, sijaifikia.

Juzi alikuja msichana pale mezani na mama yake, wametoka mbali kwa gari, tumbo limejaa, mwezi wake umekaribia. Alishika simu mbele yangu anionyeshe.

“Mama, tunataka gayogayo wa supu hii. Achaguliwe wa tumbo nene, asikatwe, hivi ndivyo mwalimu alivyoandika. Unaijua hii ya kisiwa? Nyinyi wa huku wote mnafanya hivi?”

Chun-ok aliacha ngisi wake akafungua mdomo. Nilimtikisia kichwa, akaufunga.

Nikamchagulia mmoja wa tumbo nene, nikamkwangua, nikamtoa utumbo bila kumkata vipande. Mama yake alikuwa akimfuta jasho shingoni, kwenye baridi ile. Nikawafungia kwa kamba ya buluu.

“Ndiyo,” nikamwambia. “Wote.”